Namna ya Kujiandaa kwa Usaili wa Chuo Kikuu cha Uingereza Ukiwa Dar es Salaam

Hapa kwetu mwombaji wa shahada ya kwanza kwa kawaida huchaguliwa kujiunga na chuo kwa kuangalia ufaulu wake, kwa hiyo wengi humaliza shule bila kuwahi kuketi mbele ya mhadhiri anayetaka kujua wanavyofikiri. Nilipoitwa kwenye usaili wa Oxford sikuwa na mtu wa kumuuliza, na ndiyo sababu ninamwandikia anayejiandaa sasa, awe Magomeni, Tegeta au Mbagala.

Anza na saa. Oxford hufanya usaili wake mwezi Desemba, na tangu mwaka 2020 huufanya kwa njia ya mtandao. Katika mwezi huo Uingereza huwa nyuma yetu kwa saa tatu, tofauti na majira yao ya kiangazi ambapo huwa nyuma kwa saa mbili. Mwaliko wangu uliandikwa 10:30, nami kwa mazoea nikasoma saa nne na nusu asubuhi, kumbe kwa Dar es Salaam ilikuwa saa saba na nusu mchana. Andika saa hiyo kwa Kiswahili kwenye karatasi na uibandike ukutani ili nyumba nzima iione. Mama aliposoma yangu alisema, "Basi adhana ya adhuhuri itakuwa imeshapita, mwanangu, utazungumza kwa utulivu," na kwa kweli hilo mimi sikuwa nimelifikiria.

Nunua umeme wa LUKU siku moja kabla na uangalie mita kwa macho yako, kwa maana katika mazoezi yangu uniti zilikwisha nikiwa katikati ya maelezo. Chaji kompyuta hadi ijae, weka bando la akiba kwenye simu, na feni isipulize upande wa maikrofoni, ingawa joto la Desemba tunalijua sote. Soma pia maelekezo ya vifaa mapema, kwa kuwa katika baadhi ya masomo mwombaji hutakiwa kuandika kwenye ubao wa mtandaoni wa Miro, na ubao huo unahitaji kuzoewa.

Baada ya hapo, muda wako wote uliobaki uutumie kujifunza kufikiri kwa sauti, kwa sababu hapa ndipo malezi yetu ya shuleni yanapotuangusha. Tumezoeshwa kunyamaza hadi tuwe na jibu kamili, na kumwona anayebadili jibu mbele ya mwalimu kuwa hajui. Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa zamani wa fizikia, nikamwamkia, naye akanipa swali hili: barafu inaelea kwenye glasi ya maji, ikiyeyuka yote, je, maji yatapanda? Nilikaa kimya kwa muda mrefu, kisha nikajibu kwamba hayatapanda. Jibu lilikuwa sahihi, lakini hakuridhika. "Umefikaje huko? Sema nisikie," alisema.

Nikaanza upya kwa sauti: barafu inayoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake, na ikiyeyuka hutoa maji ya uzito uleule, kwa hiyo yanajaza nafasi ileile. Hapo akabadilisha glasi kuwa bahari. Nilisema jibu ni lilelile, kisha nikajisikia nikitamka neno "chumvi" na nikasimama. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa ujazo uleule, hivyo barafu ya maji yasiyo na chumvi inahitaji kusukuma ujazo mdogo zaidi ili ielee, lakini maji yake ikiyeyuka yanachukua nafasi kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo kina kitapanda kidogo. Mwalimu alitabasamu kwa sababu nilijisahihisha mbele yake, na msaili naye hutafuta jambo hilohilo anapoongeza sharti jipya kwenye swali. Kumwambia, "Naomba nirudi nyuma, nadhani nimekosea," si utovu wa adabu.

Fanya mazoezi hayo kwa Kiingereza, hata kama hesabu unazipiga kichwani kwa Kiswahili, na tafuta mtu atakayekukatiza, kwani kioo hakikatizi. Soma tena maelezo binafsi uliyotuma kwenye maombi, maana unaweza kuulizwa kuhusu kitabu chochote ulichokitaja. Kama hukukimaliza, kimalize sasa.

Mara nyingi mwombaji wa Oxford huhojiwa zaidi ya mara moja. Mahojiano ya kwanza yakienda vibaya, usikae kuyachambua usiku kucha na marafiki. Kula, lala, na uangalie tena mita ya umeme kwa ajili ya yanayofuata. Majibu hutoka Januari, na ikiwa bado hujafanya mtihani wako wa mwisho, nafasi utakayopewa itakuwa na masharti ya alama, hivyo vitabu vibaki mezani.