Soma udongo wa shamba lako la zabibu kabla hujachimba mitaro

Wadau wa zabibu Dodoma, kuna kitu tunakiruka sana. Mtu anapata ekari zake mbili tatu huko Hombolo au Mpunguzi, siku hiyohiyo anaita vijana wachimbe mitaro, samadi ndani, miche ndani, shamba zima linapewa maji kipimo kimoja, afu waini ukitoka mwepesi hauna ladha tunalaumu mbegu. Mbegu nayo ina mchango wake ila udongo ndo unaanza.

Chukua mfano wa Clos de Vougeot kule Burgundy, Ufaransa. Ni shamba la hekta kama 50 tu, ndani ya ukuta. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulikusanya karne ya 12, ukuta ukakamilika 1336, wakalishika mpaka Mapinduzi ya Ufaransa yalipotaifisha mali za kanisa. 1889 likauzwa vipandevipande na saivi wamiliki ni 80 hivi, wengine wana mistari michache tu ya mizabibu. Waini wao wote una daraja la juu kabisa, zabibu ni ileile Pinot Noir, lakini haulingani hata kidogo! Upande wa juu udongo ni mfupi, kokoto juu ya mawe ya chokaa, maji yanapita. Chini karibu na barabara kuu ni mfinyanzi mzito, mvua ikinyesha maji yanatuama. Mtawa alikuwa na shamba zima, aliweza kuchanganya zabibu za juu na za chini, mwenye kipande cha chini leo anachanganya na nini? Kwa hiyo unapoonja unaonja udongo na unaonja pia ile historia ya kugawana.

Sasa turudi kwetu. Subiri mvua kubwa moja, kati ya Desemba na Aprili, afu kesho yake asubuhi tembea shamba lote kuanzia juu. Kwetu mara nyingi juu karibu na vilima vya mawe unakuta udongo wa kichanga, ukishuka bondeni unaingia kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Panapotuama maji weka kijiti.

Afu fanya kipimo cha chupa, hakina gharama. Chota udongo wa kila sehemu, usichanganye, jaza theluthi ya chupa ya maji ya plastiki inayoonesha ndani, ongeza maji mpaka karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, iweke mezani usiiguse mpaka kesho. Mchanga unazama kwanza ndani ya dakika moja hivi, juu yake inakaa tope laini, mfinyanzi unashuka mwisho na maji yanaweza kubaki na ukungu muda mrefu. Zipange chupa pamoja utaona mistari haifanani, na hiyo ndo ramani yako.

Chimba pia shimo la mita moja kila sehemu uone kama kuna tabaka gumu mizizi haitapita. Dondosha siki kwenye udongo wa chini, ukitoa povu ujue una chokaa.

Watu wanapenda kusema waini una ladha ya jiwe, mi naona tusidanganyane, mzabibu haunyonyi jiwe likaja kwenye glasi. Kinachofanya kazi kubwa ni maji. Kwenye kichanga mzabibu unapata maji kwa kiasi, punje zinakuwa ndogo, ganda linakuwa jingi kulinganisha na juisi, na rangi na ukali wa waini mwekundu vinatoka kwenye ganda. Kwenye mfinyanzi majani yanastawi mno, punje zinajaa maji.

Kwa hiyo gawa shamba kufuata chupa zako. Kichanga mwagilia kidogo mara nyingi, mfinyanzi kwa kuachanisha siku. Mbuga inayotuama iache kabisa, panda mtama.

Na kwa kuwa Dodoma tunavuna mara mbili, Februari au Machi na tena Agosti au Septemba, andika kila msimu sukari ya zabibu za kila kipande, mana mavuno ya mvua na ya kiangazi hayafanani. Ukisindika mchuzi wa zabibu mwenyewe, kila kipande pipa lake, uonje kabla ya kuchanganya. Ukiuza zabibu kiwandani, waulize mapema kama watapokea mizigo yako kwa kutenganisha, wakikubali weka alama kreti tangu shambani.