Kuni za Kupasha Nyumba Joto: Tema Mapema, Chanja Mbichi, Choma Kavu

Ukiona moshi mzito ukitoka kwenye bomba la nyumba, jua kuni zinapotea. Moshi ule ni gesi na lami zilizotoka kwenye ukuni bila kuungua, na ndani yake mna joto ambalo lilitakiwa libaki chumbani. Ukuni ukishika moto, zaidi ya nusu ya nishati yake hutoka kama gesi. Iliyobaki imo kwenye makaa. Gesi hizo hazishiki moto vizuri mpaka zipate joto la takribani nyuzi 600 za Selsiasi, pamoja na hewa ya kutosha. Zisipopata, hupanda bombani zilivyo.

Hapo ndipo ubaya wa kuni mbichi ulipo. Chukua gogo la kilo 20 lililokatwa leo. Kwa miti mingi karibu nusu ya uzito huo ni maji: kilo 10 za maji na kilo 10 za mti wenyewe. Wengi hudhani hasara yote ni moto unaotumika kuyachemsha maji hayo. Ukipiga hesabu, kuyageuza kuwa mvuke hula kama sehemu moja kwa saba ya nishati ya gogo. Hiyo ni hasara, lakini siyo inayoifanya nyumba iwe baridi. Hasara kubwa ni kwamba maji yanaupoza moto, gesi hazifikii joto la kuwaka, na unabaki na jiko linalofuka usiku kucha huku watoto wamejikunyata kando yake.

Kwa hiyo jiko likifuka, usianze kulilaumu jiko. Angalia kwanza kuni zilikatwa lini, zilichanjwa lini na zilipangwa wapi. Kuni za msimu ujao wa baridi zinatakiwa ziwe zimepangwa uani tangu msimu huu. Miti myepesi, kama misonobari, huhitaji walau miezi 6 ya jua na upepo. Miti mizito huchukua mwaka mmoja, na mingine miwili.

Mahali pa kwanza pa kutafuta kuni ni shambani kwako mwenyewe. Kupogoa miti ya kivuli, kupunguza miti iliyosongamana na kukata matawi ya ua huleta kuni nyingi, na miti inayobaki hunufaika. Kama una miti inayochipua kisikini, mfano mkaratusi au mlusina, unaweza kuvuna shina lilelile mara nyingi. Kata kwa msumeno mkali, karibu na ardhi, kwa mshazari kidogo ili maji ya mvua yateleze badala ya kutuama juu ya kisiki. Jihadhari gome lisichanike, maana machipukizi hutokea hapo. Yakishapata nguvu, acha mawili au matatu yaliyonyooka na uyaondoe mengine.

Ukienda msituni, pata ruhusa kwanza. Hakuna msitu usio na mwenyewe. Mti mkavu uliosimama hupunguza muda wa kusubiri, ila usidhani umekauka mpaka ndani. Sehemu ya chini ya shina inaweza kuwa bado na maji mengi. Kabla ya kupiga shoka, tazama juu: tawi kavu huanguka bila kutoa ishara. Mti wenye matundu ya ndege au mzinga wa nyuki uache usimame, kuni zipo kwingine. Gogo lililolala chini ulijaribu kwa kidole gumba. Kikizama, kuvu wamekwisha kula sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta, na liachwe lirutubishe udongo.

Tena, usisafirishe kuni mbali. Chini ya gome huishi viluwiluwi vya wadudu na mbegu za kuvu ambazo huwezi kuziona. Nchini Marekani, mbawakawa wa aina moja, wa kijani, kutoka Asia aligunduliwa jimboni Michigan mwaka 2002, na kuni zilizokuwa zikibebwa kwa magari ni mojawapo ya njia zilizomsambaza. Mamilioni ya miti anayoishambulia, ya jamii ya Fraxinus, imekufa. Kuni choma karibu na zilikokatwa.

Kuhusu mti upi ni bora, nadhani mjadala huu hupewa uzito kuliko unavyostahili. Kilo kwa kilo, zikiwa kavu sawasawa, kuni za miti mingi hutoa joto linalokaribiana, kama kilowati-saa 4 kwa kilo, yaani uniti 4 za umeme. Tofauti ni kwamba mti mzito hubeba kilo nyingi katika nafasi ndogo, hivyo huwaka muda mrefu na kuacha makaa mazuri. Mwepesi hushika haraka na kuisha haraka. Weka aina zote mbili: mwepesi wa kukoka moto, mzito wa kuutunza. Ila miti yenye utomvu wa sumu, kama mnyaa na jamii zake, usiilete jikoni kabisa.

Sasa kukata na kuchanja. Pima kwanza chumba cha moto cha jiko lako, kisha kata magogo yawe mafupi kuliko hapo kwa sentimita 5 hadi 10. Ufupi una faida nyingine. Ndani ya mti kuna mirija iliyokuwa ikipandisha maji, na maji hutokea kwenye ncha za mirija hiyo kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko yanavyopenya ubavuni. Gome nalo limeumbwa kuzuia maji yasitoke. Ndiyo maana gogo zima lenye gome linaweza kukaa mwaka mzima likaoza kabla ya kukauka, na lile lililochanjwa vipande vinne likawa tayari.

Chanja kungali na ubichi. Miti mingi hupasuka kwa urahisi ikiwa mibichi, na ile yenye nyuzi zilizosokotana, kama mikaratusi mingi, ikikauka huwa adha tupu. Tumia shoka la kuchanjia, lile lenye kichwa kizito na mashavu manene. Shoka jembamba la kukatia miti huzama na kunasa. Kagua mpini kila unapoanza kazi. Kichwa kikilegea, wengine hulitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe. Kesho ukikauka utasinyaa na kulegea zaidi ya mwanzo. Gongomea kabari ya mpini upya, au badilisha mpini.

Simamisha gogo juu ya kigogo kipana cha kimo cha magoti, kamwe usichanjie juu ya jiwe. Ukipata tairi kuukuu la gari, lifunge juu ya kigogo hicho na uweke gogo lako katikati. Vipande vikipasuka vitabaki vimesimama ndani ya tairi, hutainama kuviokota kila mara, na shoka likikosea litagonga mpira badala ya kuteleza kuelekea mguuni. Nimewaonyesha wakulima wengi jambo hili dogo, na ndilo wanalolishika kuliko mengine yote.

Kabla ya kuinua shoka, litazame gogo usoni. Utaona nyufa nyembamba zikitoka kwenye moyo wa mti kuelekea gome. Huko ndiko mti wenyewe unakotaka kupasukia. Elekeza shoka kwenye ufa uleule. Gogo likiwa kubwa, usipige katikati. Anza pembeni, ubandue kipande baada ya kipande ukilizunguka, mpaka kibaki kiini ambacho sasa kitakubali. Penye kifundo cha tawi nyuzi zimepinda, kwa hiyo geuza gogo ili pigo lipite kando ya kifundo, au pasua sambamba na mahali tawi lilipokuwa. Lisilokubali kabisa liweke kando, likatwe kwa msumeno.

Simama miguu ikiwa imetanuka kwa upana wa mabega, na usimame mbali kiasi kwamba shoka likipita gogo litaangukia kigogo, si ugoko wako. Shoka linaposhuka, kunja magoti kidogo ushuke nalo. Uzito wa chuma ndio unaofanya kazi, mikono inaongoza tu. Vaa viatu vilivyofunika vidole na miwani ya kukinga macho, na watoto wawe mbali. Ukitumia kabari ya chuma, igonge kwa nyundo kubwa. Kisogo cha shoka hakikutengenezwa kugonga chuma. Kipande kikimeguka huruka kwa kasi ya kutosha kutoboa jicho.

Unene wa sentimita 8 hadi 15 unafaa majiko mengi. Chanja pia vijiti vya unene wa kidole, vingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Kuni zilizorundikwa kama chungu hazikauki katikati, kwa hiyo zipange safu. Iinue safu kutoka ardhini kwa sentimita 15 hivi, juu ya fito au mawe, unyevu na mchwa visipande. Chagua mahali penye upepo na jua. Funika juu tu, pande uziache wazi. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni turubai lililovishwa kuni zote mpaka chini: mvua haingii, lakini maji yaliyomo ndani ya kuni hayana pa kutokea, na baada ya wiki chache utakuta ukungu mweupe. Safu kubwa isiegemezwe ukutani mwa nyumba, kwa sababu ya mchwa na kwa sababu ya moto. Unapochukua kuni, vaa glavu na utazame unapoingiza mkono. Nge na nyoka hupenda sana mahali kama hapo.

Utajuaje zimekauka? Nyufa kwenye ncha, gome linalobanduka na mlio mkali ukigonganisha kuni mbili ni dalili nzuri, ila zinaweza kukudanganya. Njia ninayoiamini ni mizani. Chagua kuni tatu kutoka sehemu tofauti za safu, ziwekee alama, uzipime kila wiki mbili na kuandika. Uzito ukiacha kushuka, zimetoa maji yote ambayo hali ya hewa ya mahali pako inaweza kuyatoa. Lile gogo letu la kilo 20 litakuwa na kilo kama 12 na nusu likifikia unyevu wa asilimia 20, na huo ndio mpaka: asilimia 20 au chini yake. Ukiwa na kipima unyevu, usichome sindano zake kwenye ncha ya ukuni. Uchanje upya, upime katikati ya uso mpya, maana nje hukauka mapema na ndani kukabaki kubichi.

Kukoka moto ni rahisi kuni zikiwa kavu. Katika jiko la chuma, panga kuni nene chini, nyembamba juu yake, kisha vijiti juu kabisa, na uwashe kutoka juu. Moto utashuka taratibu, na gesi zinazotoka kwenye kuni za chini zitapita kwenye ndimi za moto na kuungua. Fungua matundu ya hewa yote mpaka moto ukolee, ndipo upunguze kidogo kidogo. Ndimi za moto zinatakiwa ziwe angavu na zenye uhai. Ukiona zimezubaa, rangi ya kahawia, na kioo cha mlango kinakuwa cheusi, ongeza hewa.

Nasisitiza kuhusu usiku. Tabia ya kujaza jiko kuni na kuziba hewa ili moto udumu hadi alfajiri ndiyo inayojaza lami bombani. Moshi usioungua ukikutana na bomba lililopoa chini ya nyuzi 120 hivi huganda ndani yake, kwanza kama masizi, baadaye kama lami ngumu inayong'aa. Lami hiyo huwaka. Siku moto mkali ukiifikia, bomba zima hugeuka tanuri na paa linaweza kushika. Afadhali moto mdogo uliochangamka, kisha uache uzime. Bomba lisafishwe walau mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi kuanza.

Hatari nyingine haionekani. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikawapata watu kadhaa chumba kimoja, tokeni nje kwanza kwenye hewa safi, kisha mtafute msaada wa matibabu. Usiingize chumbani chombo cha makaa yanayowaka kwa ajili ya kuota, hata kama hayatoi moshi. Makaa ndiyo hutoa gesi hiyo kwa wingi. Kinachotakiwa ni jiko lenye bomba linalotoka nje, na king'ora cha kaboni monoksidi kama kinapatikana.

Mbao zilizopakwa rangi, zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, za gundi, pamoja na plastiki, zisiingie jikoni. Baadhi ya dawa za mbao zina aseniki, nayo haiungui. Sehemu huenda na moshi na sehemu hubaki kwenye majivu. Magogo yaliyookotwa ufukweni mwa bahari nayo yaache, kwa sababu chumvi yake hutoa sumu ikiungua na hula chuma cha jiko.

Majivu yatoe kwa koleo la chuma, uyaweke kwenye debe la chuma lenye mfuniko, nje, mbali na ukuta. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai siku kadhaa. Yakipoa kabisa, yapeleke shambani, mradi yanatokana na kuni safi. Yana kalisi na potasiamu, na hupunguza tindikali ya udongo. Kilo 1 kwa mita 10 za mraba kwa mwaka inatosha, yakinyunyizwa na kuchanganywa na udongo. Usiyaweke penye chai na mimea mingine inayopenda tindikali, wala usiyachanganye na urea au mbolea yenye amonia, maana naitrojeni uliyoinunua itapotea hewani.