Kufuta majina ya wavuvi hakutoshi

Umefanya mahojiano na wavuvi wa Mafia au Kilwa na unataka watafiti wengine wayatumie? Usiishie kufuta majina. Kijiji kina mwenyekiti mmoja tu wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi. Ukiandika "mwenyekiti wa BMU, miaka 54, ana mashua mbili", bandari nzima imeshamjua. Andika "kiongozi wa kijiji", umri uweke kwa mafungu ya miaka kumi. Majina ya miamba nayo yafiche. Aliyekuonyesha changu wanapokusanyika hakukuonyesha ili ramani iende mtandaoni. Na mtu akisimulia habari za baruti au kokoro (wavu wa kukokota), uvuvi uliopigwa marufuku Tanzania, kipande hicho kiondoe, au kipatikane kwa maombi maalumu tu.

Rekodi za sauti baki nazo. Kwenye kijiji kidogo, sauti ni jina.

Kazi kubwa ni ridhaa, na huombwa mapema. Uliza mara mbili: "naweza kukurekodi?" kisha, peke yake, "naweza kuwapa watafiti wengine maandishi haya baadaye?" Wengi hukusanya yote kwenye sahihi moja (haraka ya uwandani, naielewa), halafu wanakwama. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya ina yake ya 2019. Zisome kabla ya kuchapa fomu.

Hifadhi maandishi ya Kiswahili, si tafsiri pekee. Ambatisha maelezo mafupi: mahojiano yalikuwa msimu wa upepo wa kusi au wa kaskazi, na nani mwingine alikuwa amekaa pale akisikiliza.