Jinsi ya Kulinganisha Nguvu za Kijeshi za Mataifa Mawili

Katika midahalo ya shule zetu za sekondari, kuanzia Tunduma hadi Iringa, ubishi kuhusu jeshi lenye nguvu zaidi mara nyingi huamuliwa na mtu anayesoma kwenye simu orodha ya vifaru na ndege za kivita. Orodha hiyo ina kazi yake, lakini si mahali pa kuanzia. Mwongozo huu unahusu silaha za kawaida tu, kwa sababu silaha za nyuklia zina hesabu yake.

Anza kwa kuuliza jeshi linatakiwa kufanya nini, wapi, na dhidi ya nani. Mfano ulio karibu nasi ni Lugalo, mkoani Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, chenye bunduki za kisasa, mizinga na bombomu za Maxim, kilivamiwa na Wahehe waliotegemea zaidi mikuki na ngao. Kikosi kilikuwa safarini, kimejipanga katika mstari mrefu, na silaha zake nzito hazikuwa tayari kufyatuliwa. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi, wakaipiga kwa mizinga ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga na kuiteka. Mahasimu walikuwa walewale, ila safari hii Wahehe walikuwa wakilinda ukuta usioweza kusogea, nayo mizinga ilipata nafasi ya kupangwa na kulengwa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika tarakimu yoyote, andika sentensi moja inayotaja kazi yenyewe: kulinda mpaka, kuteka mji, au kufunga njia ya bahari.

Kisha hesabu watu, ukitenganisha askari walio kazini, askari wa akiba na wale wanaoweza kuitwa baadaye. Uchina ina askari wapatao milioni 2 walio kazini na Marekani wapatao milioni 1.3, lakini idadi ya wakati wa amani hubadilika upesi. Baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera mwaka 1978, Tanzania iliongeza nguvu kwa kuwaita mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na Aprili 1979 Kampala ikaangushwa. Aliyetazama idadi ya kabla ya vita peke yake asingeliona jeshi lililoingia Kampala.

Kwa upande wa zana, usichanganye kifaru kinachofanya kazi na kilichohifadhiwa ghalani bila vipuri. Tafuta pia saa ambazo marubani huruka kwa mwaka, na kiasi cha risasi na makombora ambacho viwanda vya nchi vinaweza kutengeneza vita vikirefuka.

Fedha zinahitaji uangalifu. Kwa makadirio ya taasisi ya SIPRI ya Sweden, mwaka 2024 Marekani ilitumia dola bilioni 997 kwa ulinzi na Uchina dola bilioni 314. Pengo hilo ni kubwa, ila mshahara wa askari na gharama ya kuunda meli havilingani katika nchi hizo mbili, hivyo linganisha pia kwa uwezo wa fedha kununua ndani ya nchi husika.

Jambo ninaloliona linapuuzwa kuliko yote ni ugavi. Kifaru cha Abrams cha Marekani hubeba takriban lita 1,900 za mafuta, nayo huisha baada ya kilomita zipatazo 420 barabarani. Kingetoka Mbeya kuelekea Dar es Salaam, kingekwama katikati ya safari. Yeyote aliyekaa nyuma ya malori ya mafuta yanayopanda mlima wa Kitonga kwa mwendo wa kutambaa, huku lori moja lililoharibika likizuia foleni nzima, ataelewa kwa nini msafara wa Warusi uliokuwa ukielekea Kyiv mwaka 2022, wenye urefu wa kilomita zipatazo 64, ulikwama kwa siku kadhaa. Hesabu malori, matangi, reli na madaraja kwa bidii ileile unayohesabia vifaru.

Mwishoni, andika mwaka wa kila takwimu, kisha toa jibu kwa kila kazi uliyoitaja. Taifa moja likishinda katika kulinda pwani yake na kushindwa katika kupeleka jeshi ng'ambo, acha majibu yote mawili yasimame bila kuyajumlisha kuwa alama moja.