Kuchagua viti vya gari kwa ajili ya mapacha wachanga

Wazazi wengi wanaotarajia mapacha huanzia dukani: huuliza bei, huchagua rangi, kisha hurudi nyumbani na viti viwili ambavyo ama havienei pamoja kwenye gari lao, ama ni vikubwa mno kwa mtoto mwenye uzito wa kilo mbili. Mpangilio ufaao ni kinyume cha huo. Anza na yule aliye mdogo kuliko mwenzake, kisha kagua gari, na duka lije mwisho.

Katika familia zetu bado ni kawaida Kulwa kupakatwa na mama kiti cha mbele na Doto kupakatwa na bibi kiti cha nyuma, na wote huamini kwamba hakuna mahali salama kuliko mikono ya mzazi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 3 huivuta mikono iliyompakata kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 60, na yote hayo hutokea katika muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna mzazi anayeweza kuuzuia mzigo huo, hata awe na nguvu na mapenzi kiasi gani. Kumfunga mtoto pamoja na mama ndani ya mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba matumizi ya viti vya watoto yanaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za gari kwa asilimia 71. Kwa hiyo mapacha wanahitaji viti viwili kamili, kila mmoja na chake, tangu safari ya kwanza ya kutoka hospitali.

Uzito wa kuanzia

Mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya wiki 37, na wengi huwa chini ya kilo 2.5. Jambo hili hubadilisha uchaguzi wote. Kwenye lebo ya kiti kuna uzito au urefu wa juu, ambao kila muuzaji atakutajia, na kuna uzito au urefu wa chini kabisa, ambao wauzaji wengi hawautaji. Huo wa chini ndio unaokuhusu wewe. Viti vya watoto wachanga vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani aghalabu huanzia ratili 4 au 5, yaani takriban kilo 1.8 au kilo 2.3, na tofauti hiyo ndogo inaweza kuamua kama Doto ataruhusiwa kukitumia kiti siku ileile na Kulwa au la. Viti vya Ulaya vya kanuni ya zamani, R44, huandikwa kuwa ni vya kilo 0 hadi 13, lakini sifuri hiyo isikudanganye: ni jina la kundi tu, wala haithibitishi kwamba mikanda yake inambana vizuri mtoto njiti. Viti vya kanuni mpya ya R129, vikiwamo vile viitwavyo i-Size, hupangwa kwa urefu wa mtoto, na vingi vya wachanga huanzia sentimita 40. Soma kijitabu cha maelekezo kabla ya kulipa, na kama muuzaji hana kijitabu, kitafute kwenye intaneti kwa kutumia jina na namba ya modeli.

Namba pekee hazitoshi, hivyo nenda dukani na tepu ya kupimia ya fundi cherehani. Pima kutoka kwenye mkanda unaopita katikati ya mapaja hadi kwenye mgongo wa kiti: kwa mtoto njiti umbali huo usizidi sentimita 14, la sivyo atateleza na kujikunja. Halafu pima kutoka kwenye makalio ya kiti hadi kwenye tundu la chini kabisa la mikanda ya mabega, ambalo lisizidi sentimita 25. Mtoto anayetazama nyuma anapaswa kuwa na mikanda inayotokea usawa wa mabega yake au chini yake kidogo. Ikitokea juu ya mabega, ajali itampandisha mtoto mpaka mikanda ikaze, na kichwa kinaweza kuchomoza nje ya kingo za kiti.

Kiti cha mtoto mchanga lazima kitazame nyuma ya gari. Shingo yake ni laini, na kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili, hivyo gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti ndio unaopaswa kupokea nguvu hiyo na kuisambaza kichwani, shingoni na mgongoni kwa pamoja. Kanuni ya R129 inataka mtoto atazame nyuma mpaka atimize angalau miezi 15, nao madaktari wa watoto wa Marekani hushauri abaki hivyo mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu cha kiti chake.

Utaulizwa kama unataka kiti cha wachanga chenye mpini, ambacho huchomolewa pamoja na mtoto, au kile kikubwa kinachogeuzwa na kutumika mpaka miaka kadhaa. Kikubwa kinaonekana kuwa nafuu kwa sababu hakinunuliwi mara mbili, na kwa mtoto mmoja aliyezaliwa na kilo nne nisingekipinga. Kwa mapacha waliozaliwa wadogo ninapendelea kile cha wachanga bila kusita, kwa kuwa vingi vya vile vikubwa huwa na mikanda iliyo juu mno katika miezi ya mwanzo. Ila fahamu kwamba kiti chenyewe kina kilo tatu hadi tano bila mtoto, na akina mama wengi wa mapacha hujifungua kwa upasuaji. Mama mwenye kidonda hapaswi kubeba viti viwili, wala hata kimoja. Chagua aina yenye kitako kinachobaki ndani ya gari, ili msaidizi achomoe na kupachika bila kufunga mkanda upya kila safari.

Gari lenu

Magari mengi yaliyo barabarani Dar es Salaam, Arusha au Mombasa yametoka Japani yakiwa yametumika, na yale madogo kama Vitz, Passo na IST yana takriban mita 1.7 kwa upana wa nje. Viti viwili vya wachanga hukaa ndani yake bila shida vikiwekwa kwenye nafasi mbili za pembeni, kushoto na kulia, na hapo ndipo mahali pake. Nafasi ya katikati katika magari mengi ya zamani ina mkanda wa kiunoni tu, ilhali viti vingi vya wachanga vinavyofungwa kwa mkanda wa gari hudai ule wa ncha tatu unaopita begani.

Shida kubwa zaidi ni urefu, wala si upana. Kiti kinachotazama nyuma kikilazwa kwa pembe inayofaa huchukua nafasi ya miguu ya aliyekaa mbele, na kwa kuwa mapacha wanahitaji viti pande zote mbili, dereva na abiria wa mbele wote wataathirika. Baba mrefu akisogeza kiti chake mbele mpaka magoti yaguse dashibodi, gari hilo halifai kwa viti hivyo. Ndiyo maana nasisitiza: omba ruhusa ya kujaribisha viti vyote viwili ndani ya gari lako, dereva akiwa amekaa, kabla ya kununua. Muuzaji mwaminifu atakubali.

Chunguza pia kama gari lina ISOFIX, yaani pete mbili za chuma zilizojificha kwenye maungio ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma. Penyeza vidole utazihisi, au tafuta alama ndogo iliyoshonwa hapo. Zikiwapo, kufunga ni rahisi na kukosea ni vigumu. Ikiwa kitako kina mguu unaokanyaga sakafu, hakikisha hapo unapokanyaga hakuna sanduku la kuhifadhia vitu chini ya zulia. Pete hizo zisipokuwapo, mkanda wa kawaida unafanya kazi hiyo kwa usalama, mradi uwe mrefu wa kutosha kukizunguka kiti. Kuna magari ambayo mikanda ya nyuma ni mifupi na haifiki kwenye kifungio, na hilo halina ufundi wa kulitatua isipokuwa kubadilisha aina ya kiti. Usimruhusu fundi aunge mkanda kwa kushona.

Kiti cha mbele kisitumike ikiwa mfuko wa hewa wa upande wa abiria unafanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa kasi kubwa na kuupiga mgongo wa kiti cha mtoto anayetazama nyuma, na pigo hilo linaweza kumuua hata katika ajali ambayo watu wazima wangetoka salama.

Lebo, mitumba na zawadi

Kiti chenye viwango vya Ulaya kina lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara. Kama ni cha R44, namba ya kibali ianze na 04 au walau 03. Ikianza na 01 au 02, kiache. Tangu Septemba 2024 viti vya R44 haviuzwi tena madukani katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo bila shaka vingi vitaletwa kwetu kwa bei ya kuvutia. Kilicho kipya na kinachowatosha watoto wako bado ni kiti kizuri, ingawa R129 ina faida ya kujaribiwa pia kwa kugongwa ubavuni. Kiti kilichotumwa na ndugu aliyeko Marekani hakina herufi E bali kina maandishi yanayosema kwamba kinatimiza viwango vya serikali ya huko, pamoja na klipu ya kifuani, ambayo hukaa usawa wa makwapa. Vyombo vyake vya kupachika si lazima vilingane na ISOFIX ya gari lako, lakini kinaweza kufungwa kwa mkanda.

Kuhusu mitumba nitasema wazi. Kiti cha mtu unayemfahamu, ambaye anaweza kukuhakikishia kwamba hakijawahi kupata ajali, chenye sehemu zote na ambacho muda wake haujapita, kinafaa. Kiti kilichorundikwa mnadani hakifai, kwa sababu ufa wa plastiki ulio chini ya kitambaa hauonekani, na mikanda iliyooshwa kwa jiki hudhoofika. Tafuta tarehe iliyogongwa chini au nyuma ya plastiki. Viti vingi hudumu kati ya miaka 6 na 10 tangu vilipotengenezwa. Pale fedha zinapotosha kiti kimoja tu, waambieni mapema ndugu na marafiki wanaojiandaa kuleta nepi na mabeseni kwamba mchango unaohitajika ni wa kiti cha pili. Viti viwili vya kawaida vinavyofanana ni bora kuliko kimoja cha kifahari na kingine cha kubahatisha, kwa sababu yeyote atakayewafunga watoto, awe baba, shangazi au dada wa kazi, atajifunza namna moja tu ya kufunga.

Kuwafunga watoto

Fungeni viti wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kujifungua, kwani mapacha huwahi. Shika kiti pale mkanda unapopita na ukitikise: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote. Mtoto alale kwa mwinamo wa takriban nyuzi 45, kwa sababu akikaa wima sana kichwa huangukia kifuani na njia ya hewa hujibana. Kwa njiti hatari hii ni halisi kiasi kwamba hospitali nyingi za Marekani humweka mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ndani ya kiti chake kwa dakika 90 hadi 120, zikipima pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni, kabla ya kumruhusu. Muombe daktari au muuguzi wa wodi ya watoto awaangalie wote wawili kwa namna hiyo ikiwa mashine ya kupimia oksijeni ipo. Kila mmoja apimwe kwa nafsi yake, maana kufaulu kwa Kulwa hakumthibitishii Doto. Asiyefaulu huhitaji kitanda maalumu cha gari ambamo husafiri akiwa amelala.

Usimvishe mtoto sweta nzito wala usimviringishe kwa shali kabla ya kumfunga. Mfunge kwanza akiwa na nguo nyepesi, kaza mpaka usiweze kufinya mkunjo wa mkanda begani, kisha mfunike kanga juu ya mikanda. Kanga iliyoviringishwa inaweza kuwekwa kila upande wa kichwa na mwili ili asiegemee, lakini nyuma yake au chini yake usiweke chochote ambacho hakikuja na kiti. Wala usikifunike kiti chote kwa kanga mtoto akiwa ndani, kwani joto hupanda haraka. Gari likiegeshwa juani, funika viti vitupu na uguse vifungio vya chuma kabla ya kumweka mtoto.

Katika wiki za mwanzo safari ziwe fupi. Wataalamu wa Uingereza hushauri kwamba wachanga kabisa wasikae kitini zaidi ya dakika 30 kwa mfululizo, na hata baadaye usipitishe saa mbili bila kusimama na kuwatoa. Mtu mzima akae mahali anapoweza kuwaona wote wawili, na kama nafasi ya katikati haimtoshi, yule anayecheua zaidi awekwe upande ambao abiria wa mbele anamwona kwa urahisi akigeuka. Mkifika, watoeni vitini hata kama wamesinzia, na muwalaze chali mahali palipo tambarare.

Mapacha hawakui kwa kasi moja. Wapime kila mara mnapokwenda kliniki, na rekebisheni mikanda ya kila kiti kwa vipimo vya mwenyewe. Wekeni alama ya utepe wa rangi kwenye kila mpini ili Doto asije akafungwa kwa mikanda iliyopandishwa kwa ajili ya Kulwa.