Jinsi ya kumaliza rasimu ya riwaya bila kusubiri mzuka

Wiki iliyopita binti mmoja wa chuo alikuja kibandani kwangu kutoa hela, alipomaliza hakuondoka, akabaki pale dirishani anakunja kunja noti. Mwisho akasema, "Dada, mwenzio nimekwama sura ya nne tangu mwezi wa pili." Anajua naandika, tulishawahi kuongea. Nikamwambia aingie ndani akae, na kati ya mteja na mteja nikamwelekeza ninavyofanya mimi. Usiku nikaona niyaandike yote maana najua wenye sura ya nne kama yake wapo wengi sana.

Mi ni wakala wa pesa za simu hapa Igoma, Mwanza, nafungua saa moja asubuhi nafunga saa tatu usiku, na nimemaliza riwaya mbili kwa ratiba hiyohiyo. Ya kwanza ilinila miaka minne, ya pili miezi kumi na moja. Kipaji kilikuwa kilekile, kilichobadilika ni hatua ya 5 hapo chini, kwa hiyo hata ukiruka nyingine ile usiiruke.

Hatua ya 1: Saa yako

Tafuta nusu saa ambayo hakuna mtu anakudai kitu. Yangu ni saa kumi na moja alfajiri, watoto wamelala. Saa ileile, kiti kilekile, zima data. Na usiniambie kazi inakubana, Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, miaka mingi yupo forodhani, na vitabu vikaandikwa.

Hatua ya 2: Kauntabuku

Rasimu ya kwanza iandike kwa mkono. Najua wengi mnaandikia kwenye simu na siwalaumu, ila nimejaribu programu tatu za simu, moja ilikuwa inanihesabia maneno na kunirushia pongezi kila nikifika mia, nikajikuta naandika maneno matupu ili nipongezwe. Halafu simu ina meseji, ina chaji ya kuisha, na kubwa zaidi kwenye simu kufuta ni rahisi mno, na kufuta ndio ugonjwa wenyewe tunaoutibu hapa.

Nunua kauntabuku ya kwaya mbili, ina kurasa 192. Kalamu ya wino, penseli hapana kwa sababu inafutika. Ukishanunua ligeuze kichwa chini, lifungue kwa nyuma, ukurasa wa kwanza wa huko andika juu kwa herufi kubwa MAREKEBISHO. Uache kwanza, tutaurudia.

Hatua ya 3: Ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki. Mwandiko wangu unatoa kama maneno 250 kwa ukurasa, kwa mwaka ni kurasa 260, yaani maneno 65,000, hiyo riwaya nzima imeisha (utahitaji kauntabuku mbili). Mzuka ukija andika miwili, ukifika miwili simama hata kama mkono bado unataka. Kuna Jumamosi niliandika kurasa tisa, nikalala nina furaha, halafu nikakaa wiki tatu sijagusa daftari kwa sababu nilichokuwa nacho kichwani nilikimwaga chote siku moja.

Hatua ya 4: Acha katikati ya sentensi

Usimalizie tukio siku hiyo. Mimi naacha hivi: "Mama Rehema akasukuma mlango, akamkuta" halafu nafunga daftari. Naosha vyombo namfikiria aliyekutwa, nahesabu hela za watu namfikiria, kesho yake alfajiri kalamu inaanza yenyewe. Ukimaliza tukio vizuri kabisa kesho unakutana na ukurasa mweupe, na ukurasa mweupe saa kumi na moja alfajiri unarudisha watu kitandani.

Hatua ya 5: Usirudi nyuma

Hapa nitakaa.

Riwaya yangu ya kwanza, sura ya kwanza niliiandika mara kumi na moja. Kila nikikaa nilikuwa naanza kusoma toka mwanzo eti nishike uzi, nakuta sentensi imekaa vibaya nairekebisha, ile ya pili nayo naona haiendani na niliyorekebisha, nairekebisha, nusu saa imeisha na sijaongeza hata mstari. Mwaka mzima unapita una sura moja inang'aa na sura ya tano haipo duniani. Kibaya zaidi waliokuja kuisoma waliniambia sura ile ndio imepooza kuliko zote, na ya mwisho ambayo niliandika mara moja tu ndio iliyowaliza.

Sasa nafanya hivi. Riwaya ya pili ilikuwa na fundi baiskeli, sura tatu za mwanzo ni kijana hajaoa. Nimefika ya nne nagundua hadithi inamtaka awe mgane mwenye mtoto. Zamani ningerudi ukurasa wa kwanza. Safari hii niligeuza daftari, kwenye MAREKEBISHO nikaandika "Sura 1-3: fundi ni mgane, ana binti wa miaka 6, anaogopa mbwa", nikageuza tena, nikaendelea na sura ya nne kana kwamba yule mtoto alikuwepo siku zote. Ndio hivyo tu. Wazo halijapotea, limeandikwa, akili inatulia na unasonga.

Ila kuna mambo ya kuangalia, na haya ndio yaliyonigharimu.

Kusoma ya jana inaruhusiwa, ila mistari mitano ya mwisho tu. Mimi naweka daftari la miamala juu ya ukurasa kufunika ya juu yote, maana macho yakiona kosa mkono hautulii.

Ukibadilisha anayesimulia, kwa mfano ulianza "nilienda" sasa unaona bora "alienda", usirudi kusawazisha. Kuanzia kesho andika kwa namna mpya. Mimi nilibadilisha nikiwa ukurasa wa 70, ile 70 ya nyuma nikaisawazisha wakati wa kuchapa na haikunisumbua.

Kama unauza hadithi ya mfululizo WhatsApp, ukishatuma hairudi, msomaji ameshamjua fundi hajaoa. Wewe andika angalau vipande kumi mbele kabla hujaanza kutuma cha kwanza. Na kama ni mashairi sahau hatua hii yote, ubeti unaweza kuurudia hata mara arobaini na ndio kazi yenyewe.

Halafu kuna siku moja tu ya kuruhusiwa kurudi. Umekaa siku tatu mfululizo, saa yako, kiti chako, na ukurasa haujai. Mara nyingi hapo sio uvivu, huko nyuma kuna mtu umemlazimisha kufanya kitu ambacho yeye asingefanya. Rudi ukasome, lakini kalamu iache chumba kingine. Unatafuta mahali tu, hurekebishi. Ukipapata, andika kwenye MAREKEBISHO, ruka nenda tukio linalofuata.

Yule binti shida yake ilikuwa hii. Nikamuuliza, "Huyu dada wa kwenye hadithi yako, kwa nini alikubali kuolewa?" Akajibu kwa sababu sura ya tano ina harusi. Nikamwambia hiyo sababu ni yako wewe mwandishi, mi nauliza ya kwake. Akanyamaza. Akaja mzee kutuma hela kwa mwanae, nikamhudumia, akaondoka, binti bado kanyamaza anaangalia sakafu. Halafu akasema taratibu, "Dada, hakukubali." Akaomba kalamu yangu, akaandika hapohapo nyuma ya risiti yake.

Hatua ya 6: Siku ukikosa

Utaumwa, utafiwa, kutakuwa na mgeni. Ukikosa siku usilipe kesho yake kurasa mbili. Deni la kurasa ni kama mkopo wa kausha damu, ukianza kulilipa linakua, mwisho unalikimbia daftari lenyewe. Kesho ni ukurasa mmoja kama kawaida. Ukikosa wiki nzima, anza na mistari mitano.

Hatua ya 7: Kuchapa

Chapa rasimu nzima ikishaisha, na hapo ndipo unapoingiza MAREKEBISHO yote. Nachapa kwenye simu kwa sababu sina kompyuta. Kila ukimaliza sura jitumie kwenye imeili yako mwenyewe siku hiyohiyo. Niliibiwa simu kwenye daladala nikiwa na kurasa sitini zilizochapwa, nilikaa kituoni nikalia, kilichoniokoa ni kauntabuku ilikuwa nyumbani kabatini.

Hatua ya 8: Msomaji mmoja na tarehe moja

Chagua tarehe ya kweli. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeanza kutolewa 2023, inatolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, na ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Zote zinataka mswada uliokamilika, kwa hiyo angalia tangazo la mwaka husika, hesabu kurasa zako kurudi nyuma, andika tarehe kwenye jalada la daftari. Usianze kuandika kwa ajili ya tuzo lakini, itakuchosha kabla ya sura ya pili.

Msomaji awe mmoja, anayependa hadithi, asiwe mwandishi. Wangu ni mama muuza samaki hapa jirani. Usimuulize kama ni nzuri, atasema nzuri kwa sababu anakupenda. Mpe chapisho na kalamu, mwambie kila akiweka chini akapike au alale achore mstari pembeni. Ikirudi, angalia mistari imerundikana wapi, uanzie hapo.