Kupigana upya Lugalo mezani: mambo ya kuzingatia kabla ya kurusha dadu

Mapigano ya Lugalo, yaliyotokea tarehe 17 Agosti 1891 mashariki mwa Iringa ya leo, huwavutia wapenzi wa michezo ya vita ya vijisanamu kwa kuwa ni madogo, yana mwanzo na mwisho unaoeleweka, na meza moja ya chakula inatosha kuyabeba. Udogo huo huo huwafanya wengi wayaandae vibaya. Hupanga askari upande huu na Wahehe upande ule, hupima masafa ya bunduki kwa futi kamba, kisha hushangaa kuona Wajerumani wakishinda karibu kila mara. Msafara ule wa jeshi la Wajerumani uliviziwa na Wahehe njiani na haukupata hata nafasi ya kujipanga, na maandalizi yote yaanzie hapo.

Jambo la kwanza ni hesabu. Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo na ambaye ubabe wake ulikuwa umechangia kuwasha moto wa uasi dhidi ya Wajerumani huko Pangani mwaka 1888, aliongoza Wajerumani wachache, askari wapatao 320, wapagazi zaidi ya mia moja, na mizinga iliyofungwa juu ya punda. Wahehe waliotumwa na Mkwawa, wakiongozwa vitani na ndugu yake Mpangile, hukadiriwa kufikia 3,000. Kijisanamu kimoja kikisimama badala ya watu 20, utahitaji askari 16, wapagazi sita au zaidi, na Wahehe 150. Idadi hiyo ya mwisho isikutishe. Kwa kuwa wapiganaji hao huanza wakiwa wamejificha, vipande vya karatasi vyenye namba vinaweza kuwawakilisha hadi watakapofumuka, na waliokwisha kuondolewa mezani wanaweza kutumika tena kwa kundi linalofuata.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha maandalizi yote, ni uhusiano kati ya umbali na muda. Watu mia nne na hamsini wakitembea mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia ya vichakani, kila mmoja akichukua mita mbili, hufanya mstari wa takriban mita 900, na ukiongeza punda unakaribia kilomita moja. Ukiulaza msafara huo kwenye sentimita 150 za meza, hatua thelathini hivi walizokuwa wamejificha Wahehe zinakuwa sentimita nne tu. Mapigano yenyewe yalikuwa ya dakika kumi au kumi na tano, kwa hiyo zamu moja ihesabiwe kuwa dakika moja, na katika dakika hiyo mtu mwenye mkuki anavuka hatua thelathini na bado ana pumzi ya kupigana. Maana yake ni kwamba sehemu yoyote ya msafara inayoshambuliwa hupata mruko mmoja wa risasi, pengine miwili, na hata huo utegemee dadu itakayoamua kama bunduki zilikuwa na risasi ndani. Mizinga isiruhusiwe kufyatua kabisa. Mchezaji atakayelalamika kwamba silaha zake hazina faida atakuwa ameuelewa mchezo.

Inasimuliwa pia kwamba ofisa mmoja alimfyatulia ndege risasi, na mlio ule ukawafanya Wahehe watoke kabla msafara wote haujaingia mtegoni. Tukio hilo lisiachwe liwe kichekesho cha kusimulia wakati wa chai, kwani linasaidia kueleza kwa nini Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma, aliweza kukusanya manusura na kuondoka nao. Ligeuze kuwa kanuni: msafara unaposogea, mwamuzi arushe dadu kila zamu, na ikitoka moja, shambulio lianze papo hapo, popote mkia wa msafara ulipo. Mpangile wa mezani naye atalazimika kuchagua kati ya kusubiri mtego ujae na kushambulia mapema kabla bahati haijamponyoka.

Kuhusu vijisanamu, epuka askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, maana mavazi na bunduki zao ni za kizazi kingine. Wengi hutumia vijisanamu vya Wazulu kama Wahehe, na kwa mikuki na ngao kubwa si vibaya sana, ila mapambo ya kichwani yakatwe na ngao zisipakwe rangi za vikosi vya Kizulu. Meza isiwe ya kijani. Agosti ni kiangazi, kwa hiyo maranda ya mbao yaliyopakwa rangi ya majani makavu yatafaa kuliko nyasi za dukani.

Wapagazi wanastahili kanuni yao, nami huwa sikubali mchezo unaowaondoa ili kurahisisha mambo. Walikufa kwa makumi, na walipotupa mizigo na kukimbia kwenye njia ile nyembamba, waliwazuia askari kufikiana. Askari wenyewe, tusisahau, walikuwa zaidi Wasudani waliosajiliwa Misri na watu waliotoka Msumbiji, hivyo dadu ya moyo wa kupigana isitegemee rangi ya mtu bali itegemee kama ofisa wake yu hai na kama anawaona wenzake.

Ushindi upimwe kwa namna mbili. Wahehe waliondoka na bunduki zipatazo 300, basi kila kijisanamu cha askari kilichoanguka kiwape alama. Lakini walipoteza pia wapiganaji wengi, papo hapo na baadaye kwa majeraha, na miaka mitatu tu baadaye walilazimika kuilinda ngome ya Kalenga, hivyo kila Mhehe anayeanguka apunguze alama hizo.

Linabaki tatizo la siri, kwa kuwa aliyesoma historia ya Tanzania akisikia neno Lugalo atatuma wapelelezi vichakani tangu zamu ya kwanza. Njia niliyoiona ikifaa ni kuwapa wachezaji wote sehemu za msafara, kumwachia mwamuzi Wahehe, na kuchora mezani vichaka vitatu vinavyofanana huku karatasi ya maficho ikiwa imekunjwa mfukoni mwake.